Jelatini, jeli angavu au madumu ya maji: risasi zako za kujilinda uzijaribie wapi?

Umenunua boksi mbili tatu za risasi za bastola, zile zenye tundu kichwani ambazo wapigaji wanaziita holopointi, kila boksi limepambwa maneno matamu, na sasa unataka ujionee mwenyewe inakuwaje zikiingia kwenye kitu laini. Safi kabisa. Ila kabla hujauliza risasi gani ni kali jiulize kwanza utaipiga kwenye nini, manake risasi ileile, bastola ileile, mkono uleule, ukipiga kwenye maji unapata jibu hili na ukipiga kwenye jeli unapata jibu lile, halafu watu wawili wanabishana mpaka usiku wa manane kumbe kila mmoja ana namba sahihi ya kitu tofauti.

Vinavyogombaniwa ni vitatu. Kuna jelatini yenyewe, ya unga unaotokana na ngozi ya nguruwe, unachanganywa na maji kwa asilimia 10 halafu unagandishwa kwenye friji. Kuna jeli angavu ya sintetiki, hii inakuja ikiwa tofali tayari na ukiitazama unaona mpaka upande wa pili. Na kuna maji, yaani madumu ya plastiki yamepangwa mstari mmoja nyuma ya mwingine. Wapo pia wa magazeti yaliyolowekwa, hao nawaheshimu kwa uvumilivu wao lakini siwaweki kwenye mizani leo, sijaona mafungu mawili ya magazeti yakalowana sawasawa.

Tupime kwa vigezo gani

Mimi nina vinne. Kwanza kina: je namba unayoipata unaweza kuiweka karibu na namba za watu wengine ikaeleweka? Pili kufunguka: je kichwa cha risasi kinachanua humo kama ambavyo kingechanua kwenye nyama, au kinadanganya? Tatu unaona nini baada ya kupiga. Nne usumbufu, kuanzia maandalizi mpaka kufagia. Kigezo cha "inalipuka vizuri kwenye video" sijakiweka, ingawa najua kabisa wapo wanaochagua kwa hicho tu.

Hicho cha kina nimekiweka mbele kwa sababu. Tarehe 11 Aprili 1986, Miami, maajenti wa FBI walirushiana risasi na majambazi wawili wa benki, maajenti wawili wakafa na watano wakajeruhiwa. Mmoja wa majambazi, Michael Platt, alikula risasi ya 9mm mapema kabisa, ikapita mkono wake wa kulia, ikaingia kifuani, ikafunguka vizuri tu kama ilivyoahidiwa, halafu ikasimama kama inchi moja kabla ya moyo, na jamaa akaendelea kupiga watu. Baada ya hapo FBI wakatengeneza utaratibu wao wa kupimia kwenye jelatini ya asilimia 10 na kutaka risasi iingie angalau inchi 12, isizidi sana 18, yaani kama sm 30 mpaka 46. Watu huuliza kifua cha nani kina inchi 12? Hakuna aliyesema kifua, fikiria mtu amekaa kiubavu na mkono wake umekunjwa mbele, kabla risasi haijafika ndani imeshakula nyama ya mkono mzima.

Kina

Hapa jelatini ndo mwenye nyumba. Martin Fackler, daktari wa upasuaji wa jeshi la Marekani aliyekuwa na maabara ya majeraha ya risasi pale Presidio, San Francisco, miaka ya 1980, alikaa akalinganisha jelatini ya asilimia 10 yenye ubaridi wa nyuzi 4 za Selsiasi na nyama ya nguruwe, akakuta kina kinafanana. Na akaacha njia ya kuhakiki ambayo mtu yeyote anaweza kuifanya: chukua gololi ya chuma ya mm 4.5, irushe na bunduki ya upepo kwa spidi ya futi 590 kwa sekunde, ambayo ni kama mita 180, ikiingia sm 8.5, ikipungua au kuzidi sm 1, tofali lako ni halali. Ikipita hapo jelatini yako ni laini mno, isipofika ni ngumu mno. Bila hiyo gololi umepika tu jeli ya watoto ukaipiga bastola. Na uangalie usije ukachanganya namba na za asilimia 20, zile zinazogandishwa kwa nyuzi 10, hizo ni za utaratibu wa NATO na zina hesabu zake.

Jeli angavu nayo inaweza kufaulu mtihani wa gololi, na watengenezaji wanapenda sana kulisema hilo. Tatizo ni kwamba gololi inakwenda mita 180 kwa sekunde wakati risasi ya 9mm inakwenda 350 hivi, na hii jeli haina hata tone la maji, ni mafuta ya madini yaliyofungwa na polima, kwa hiyo kufanana kwa spidi ndogo hakukuhakikishii kufanana kwa spidi kubwa. Mara nyingi holopointi inapita mbali zaidi humo kuliko kwenye jelatini ya kweli. Kwa hiyo ukisoma inchi 19 kwenye jeli angavu usikimbilie kusema risasi imepitiliza kipimo cha FBI, kile kipimo hakikuandikwa kwa ajili ya jeli hii. Ndani ya jeli angavu yenyewe kwa yenyewe ulinganisho ni halali, risasi A na risasi B, tofali moja, siku moja, hapo hakuna shida.

Maji yanapitisha risasi mbali zaidi ya vyote viwili. Wapigaji wengi wanachukua kina cha kwenye maji wanakigawa kwa 1.5 mpaka 2 kupata makadirio ya jelatini, na ukiangalia hiyo "mpaka" utaona upana wake ulivyo. Dumu la kawaida lina kama sm 15. Risasi ukiikuta dumu la nne unajua tu imeenda kati ya sm 45 na 60 za maji, kwa hesabu ya kijiweni ni sm 23 mpaka 40 za jelatini, yaani inawezekana imefeli na inawezekana imefaulu, chagua mwenyewe. Halafu kila ukuta wa plastiki nao unakula nguvu kidogo. Ukitaka kupunguza hilo tumia mifuko myembamba ya plastiki iliyojazwa maji ndani ya boksi refu, kila mfuko ni hatua ndogo, utapata namba yenye akili zaidi.

Kufunguka

Hapa ndo pananifurahisha na hapa ndo maji yanalipa kisasi.

Kinachofungua holopointi ni shinikizo la kitu kinachoingia kwenye lile tundu la mbele, na shinikizo hilo linafuata mambo mawili: uzito wa kitu kwa ujazo wake, na spidi ikizidishwa kwa yenyewe. Chukua nusu ya densiti zidisha spidi mara spidi. Kwa maji, risasi ikienda mita 350 kwa sekunde unapata kama megapaskali 61. Nyama ni maji kwa sehemu kubwa, jelatini ya asilimia 10 nayo tisa ya kumi ni maji, kwa hiyo zote ziko palepale au karibu sana. Ndo maana risasi uliyoivua kwenye dumu inafanana mno kwa umbo na ile uliyoivua kwenye jelatini, ukiziweka mezani bila lebo unaweza kushindwa kujua ipi ni ipi. Wengine wanalalamika maji yanafungua risasi kupita kiasi, na kweli maji huwa mkarimu kidogo, risasi ya mashaka kwenye maji inaweza kuchanua. Lakini ikikataa kufunguka hata kwenye maji basi iache, hiyo haitafunguka popote.

Jeli angavu ni nyepesi. Itie kwenye maji inaelea, densiti yake ni kama 0.85 hivi. Piga ile hesabu utaona shinikizo limeshuka kutoka 61 mpaka kama 52, ni sawasawa na kuipiga ileile risasi kwenye maji kwa mita 323 badala ya 350. Kwa 9mm yenye nguvu za kutosha utaona tofauti kidogo, ua limechanua kipenyo kidogo pungufu, na ua dogo ndo linaenda mbali zaidi, ndo unapata zile inchi za ziada. Ila kwa vibastola vya mfukoni, risasi ya .380 (fupi na yenye nguvu ndogo kuliko 9mm) inayotoka kwenye mtutu mfupi na spidi yake tayari iko mpakani, hiyo tofauti inatosha kabisa kufanya risasi ifunguke nusu au isifunguke kabisa, na we unaandika "risasi mbovu" wakati ulichopima ni ubovu wa jeli. Hili nimeliona kwa macho yangu, boksi moja la .380, kwenye jeli angavu mbili kati ya tano zilitoka kama zilivyoingia, kwenye maji zote tano zikafunguka.

Unachokiona

Kwa macho jeli angavu haina mpinzani. Unaona njia yote, unaona risasi imekaa wapi, imepinda wapi, imeanza kufunguka sentimita ya ngapi, unapima kwa rula kwa nje bila kukata kitu. Ukiwa na kamera ya mwendo wa taratibu unaona tofali linavimba kama chura halafu linarudi, mara nyingine na mwanga ndani, mvuke wa mafuta ukishika moto kidogo. Inapendeza sana na inapotosha sana. Lile tundu kubwa linalofunguka na kujifunga, kwa spidi za bastola nyama nyingi za mwili zinanyumbuka na kurudi mahali pake, kinachobaki ni njia nyembamba iliyosagwa na kichwa cha risasi chenyewe. Kwa hiyo ukijikuta unachagua risasi kwa sababu tofali limeruka juu zaidi, simama unywe maji kwanza.

Jelatini ina rangi ya chai ya rangi iliyopoa, unaona ndani lakini kwa ukungu. Ila inapasuka mipasuko ya kweli, ukikata vipande na kumwagia rangi ya chakula ile mipasuko inajichora yenyewe, unapata ramani. Maji hayakuonyeshi kitu. Yanakupa risasi mkononi, safi, na nguo zako zimelowa.

Usumbufu

Jelatini ni kazi ya jikoni, tena jikoni kwa mtu mvumilivu. Tofali la ukubwa wa FBI, inchi 6 kwa 6 kwa 16, linakula karibu lita 9 na nusu za mchanganyiko, kwa hiyo karibu kilo nzima ya unga, na sio unga wowote, unataka ule wa aina A wenye nguvu ya 250 Bloom, yaani kipimo cha ugumu wa jelatini ikishaganda. Unaloweka kwenye maji baridi unaacha unywe kama saa mbili, ndo unapasha taratibu, usipite nyuzi 40, halafu unamimina na kuweka kwenye friji ya nyuzi 4 kwa saa 36. Siku yangu ya kwanza niliona mabonge hayayeyuki nikaongeza moto, si nikaharibu, jelatini ikipata joto kali inavunjika nguvu zake, gololi yangu ikaenda sm 11 na wikendi nzima ikaishia kwenye ndoo ya taka. Na ukishaitoa kwenye friji saa inatembea, una kama dakika 20 au 30 kabla haijapata joto na kuanza kulainika, kwa hiyo kama uwanja wa shabaha uko mbali unahitaji sanduku la barafu la maana. Baada ya siku chache inaoza na inanuka, sina haja ya kueleza zaidi.

Jeli angavu unaitoa kwenye boksi unaiweka mezani unapiga. Haiozi, haihitaji friji. Ikishajaa matundu unaikatakata unatoa vipande vya risasi, unaiyeyusha, unaimimina upya, na tofali moja linaweza kukutumikia mara nyingi. Ununuzi wa kwanza ndo unauma, baada ya hapo unazidi kuwa nafuu. Angalizo moja: kuyeyuka inataka joto la nyuzi 120 hivi kwenda juu, hayo ni mafuta, usiweke juu ya moto wa wazi, tumia oveni au chombo chenye kidhibiti joto na ukae nayo karibu, tena inachukua masaa. Ikiungua inakuwa ya njano na uangavu wake unaanza kuondoka.

Maji ni maji. Madumu tupu unayakusanya wiki nzima, unajaza palepale uwanjani. Kila risasi inaharibu madumu matatu manne, unafagia plastiki, unaondoka.

Mambo ambayo hayajali umechagua nini

Nguo. Risasi ikipita kwenye kitambaa kizito lile tundu linaweza kuziba kama chupa iliyotiwa kizibo, holopointi inageuka risasi ya kawaida, haifunguki na inapita mbali. Ndo maana kuna kipimo maarufu cha kuweka tabaka nne za jinzi nzito mbele. Kikali kuliko nguo za watu wengi na kimekusudiwa kiwe hivyo. Weka jinzi mbele ya dumu, mbele ya jeli, mbele ya chochote, gharama yake ni suruali moja ya zamani. Mimi ukiniambia nichague kati ya jelatini bila jinzi na madumu yenye jinzi nitachukua madumu bila kufikiri.

Mtutu. Piga na bastola unayoibeba, sio ya rafiki yako yenye mtutu mrefu, na kama unaweza kupata kipima spidi kiweke mbele, kwa sababu spidi ikishuka mita 30 hiyo ni risasi nyingine kabisa. Halafu usipige moja ukaanza kuhubiri. Tano kwa kila aina, pima kina mpaka ncha ya mbele ya risasi, pima kipenyo pande mbili tatu uchukue wastani, pima uzito uliobaki, na ile mbaya kuliko zote usiifiche.

Na usalama, hili naomba tusilifanyie utani. Tofali linaruka mezani, risasi inaweza kutokea ubavuni, na risasi za kawaida zilizofunikwa shaba zinapita zaidi ya sm 60 za jelatini kwa hiyo tofali moja halizisimamishi. Nyuma pawe na kizuizi cha kweli cha risasi, uwe kwenye uwanja unaoruhusiwa, miwani na vizuia sauti vya masikioni vikiwa mahali pake. Na kuna nchi raia haruhusiwi holopointi kabisa, jua sheria ya ulipo kabla hujanunua hata boksi moja.

Sasa wewe unachukua ipi

Kama unataka kuzungumza kwa kipimo cha FBI, yaani useme risasi hii kutoka kwenye bastola yangu inaenda inchi 14 kupitia jinzi na uweze kulitetea hilo mbele ya mtu anayejua, huna njia ya mkato, ni jelatini, friji, kipimajoto na gololi. Andaa matofali mawili uyaweke moja nyuma ya jingine, ugololie kila moja, na upige haraka. Hii inamfaa mtu mwenye nafasi na mwenye subira, au kikundi cha watu wanne watano mnaogawana kazi.

Kama unafundisha watu, au una klabu na unataka wanafunzi waone tofauti ya risasi ya kawaida na holopointi bila kuchora ubaoni, jeli angavu imetengenezwa kwa ajili yako. Mwanafunzi akishaona njia mbili ubavu kwa ubavu ndani ya tofali moja haulizi tena. Inakufaa pia kama unapiga mara kwa mara mwaka mzima na unalinganisha risasi zako zenyewe kwa zenyewe, ilimradi kwenye daftari lako uandike "jeli angavu" kwa herufi kubwa, na usiitumie kumhukumu .380 au risasi yoyote ya polepole.

Kama swali lako ni moja tu, hii risasi kwenye hiki kibastola changu kifupi inafunguka au haifunguki, hasa ikipita kwenye nguo, jaza madumu. Sita kwenye mstari, jinzi mbele, piga tano. Utajua jibu kabla ya mchana na utakuwa hujachafua sufuria ya mtu.

Na kama huna lolote kati ya haya, huna uwanja, huna nafasi, basi tafuta matokeo ya wenzako ambao wameandika wazi jelatini ya aina gani, gololi iliingia sentimita ngapi, mtutu wa urefu gani na spidi ngapi. Akikosa kuandika gololi, soma kama hadithi. Kisha risasi ulizokusudia kununua kwa ajili ya majaribio nunua hivyohivyo, zipige kwenye karatasi ya shabaha na bastola yako, uone kama inazilisha bila kukwama kutoka magazini ya kwanza mpaka ya mwisho, manake hicho hakuna jeli itakayokupimia.